Majina ya Watu Nisiowajua

Majina ya watu wote wa kilima chetu ninayo. Ninayo ya walio hai na ya waliokwenda, ya watoto waliobatizwa jina hili wakaitwa lile, ya wake walioolewa kutoka Biharamulo, ya familia zilizovuka mpaka na mikeka kichwani na leo migomba yao imeizidi yetu. Lakini humu sitaandika hata moja. Jina ukilitamka vibaya, mwenyewe atakuambia umekosea, utarekebisha, mtacheka. Ukiliandika vibaya linabaki hapo hapo, na mwenyewe huenda asijue. Hilo nimelijua uzeeni, niliporudi darasani nikiwa tayari na vitukuu.

Nasema nilirudi kwa sababu niliwahi kuwamo. Nilizaliwa upande wa Biharamulo, nikasoma darasa la kwanza lote na la pili kidogo. Kisha mama akajifungua mapacha, mikono ikawa haitoshi nyumbani, nikatolewa shule nikafungiwa pacha mmoja mgongoni. Baba hakuwa mtu mbaya. Alisema mapacha wakishatembea nitarudi. Walitembea, lakini hakuna aliyekumbuka ile ahadi isipokuwa mimi. Baadaye nikaolewa huku Mbuba, nikaja na a, e, i, o, u zangu na nyimbo mbili za shule. Hiyo ndiyo elimu niliyokuwa nayo.

Huku nikakuta kikundi cha kuzikana. Mtu akifa, wanaume wanachimba, wanawake wanaleta maji, kuni na ndizi. Kabla maiti haijatolewa ndani, mtu mmoja anasimama uani na kuita kila nyumba kwa jina la mwenye nyumba, na nyumba inaitika, "Tupo." Anaita hata wagonjwa, hata waliosafiri, na jirani anawaitikia. Mfiwa akiwa ndani anasikia jinsi alivyozungukwa na watu. Wengi wameniambia kwamba siku ya msiba hawakukumbuka mahubiri wala nyimbo, walikumbuka ule mwito.

Aliyekuwa akiita ni mama mkwe wangu. Alipochoka alinifundisha mimi. Alisema, usihesabu watu, tembea. Basi nikisimama uani nafumba macho, naanza na nyumba ya juu kabisa karibu na kanisa, nateremka na njia, napita kwenye mibuni, nageuka kisimani, na kila mlango napiga hodi kichwani na kutazama nani yumo. Miaka yote hiyo sikuwahi kuruka nyumba.

Sasa vijana wetu wamekwenda mijini, na siku hizi kupata mikono ya kuchimba kaburi ni shida. Ng'ambo ya bonde, upande wa Kanazi, kuna kikundi kama chetu chenye shida hiyo hiyo. Wakubwa wakakubaliana tuungane. Kwenye ofisi ya kata wakaambiwa, mkiungana jiandikisheni, muwe na katiba, muwe na daftari la majina, muwe na katibu anayejua kusoma na kuandika, na katibu huyo ndiye atakayeita. Mwenyekiti wetu, mwanamke wa rika langu, alinikuta napura maharage akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Mwenzangu," akasema, "watu wanasema kichwa chako ni kizuri, lakini hakiwezi kuwekwa kabatini."

"Kimekaa shingoni miaka yote na hakijaanguka."

"Na kikianguka?"

Nikaendelea kupiga maharage. "Mmeshamweka nani?"

"Hatujamweka mtu. Lakini mkwe wangu, mke wa kijana wangu, ana kidato cha nne, unajua."

"Mtachagua lini?"

"Tukivuna maharage ya msimu ujao."

Basi nilikuwa na msimu mmoja. Ukatibu wenyewe sikuutamani, wala kiti, wala kuitwa kiongozi. Nilitaka niendelee kuwaita watu, na njia ya kuendelea ilikuwa moja tu.

Darasa la watu wazima lilikuwa shule ya msingi, saa tisa alasiri, watoto wakishatoka. Mwalimu alikuwa kijana wa Kisukuma, mwembamba, mwenye adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu."

"Umemfuata mjukuu? Wameshaondoka wote."

"Sikumfuata mtu. Nimejileta mwenyewe."

Akanionyesha dawati. Magoti yangu hayakuingia chini yake, nikakaa upande upande kama mtu aliyepakiwa kwenye baiskeli. Tulikuwa wanawake tu, isipokuwa mzee mmoja, mpiga kengele wa kanisani, mwenye miwani na mdomo. Kiswahili chenyewe wengi wetu tulikijua cha sokoni. Tukinong'onezana tulinong'onezana Kihangaza, mwalimu akauliza tunamsengenya au tunasaidiana, tukamwambia yote mawili.

Namna yake ya kufundisha ilikuwa hivi: anasoma somo lote mara mbili huku tukifuatisha kitabuni, kisha kila mmoja anasimama na kusoma peke yake. Wenzangu walijikwaa kila neno. Mimi aliposoma mara ya pili lilikuwa limeshaingia. Nikisimama, kitabu mkononi, kidole kinatembea, maneno yanatoka yote kwa mpangilio wake bila hata moja kupotea.

"Mnamsikia bibi?" mwalimu akawa anawaambia. "Someni kama yeye."

Sikuwa namdanganya. Nataka hili lieleweke. Mimi nilidhani huko ndiko kusoma. Nimeishi kwa kushika maneno. Uliponiambia nisome, nilishika maneno, na kidole nikakipeleka kilipopelekwa na wengine. Zile herufi nilizichukulia kama pambo la ukingo wa kitenge, zipo lakini si lazima uzitazame. Habari zikafika kanisani kwamba mama amejua kusoma kwa miezi miwili. Mwenyekiti akanishika mkono mlangoni, amefurahi. Nami nikafurahi.

Siku moja mwalimu akasema turudie masomo ya nyuma. "Bibi, tusomee lile la kuku."

Nikafungua kitabu, nikanyoosha kidole, nikaanza. Mama ana kuku watano. Kuku mwekundu anataga mayai. Nilikuwa nasoma kwa sauti ya kuitia watu, darasa zima limetulia. Yule mzee mpiga kengele, aliyekaa jirani yangu, akainama, akasogeza miwani, akatazama kitabu changu.

"Mama, samahani," akasema. "Mbona kuku wako wameingia kisimani?"

Nilikuwa nimefungua ukurasa mwingine. Juu yake palichorwa wanawake wamepanga foleni na ndoo zao kisimani, hakuna hata unyoya. Darasa likacheka, nami nikacheka pamoja nao, kwa kuwa nilikuwa sijaelewa bado. Mwalimu hakucheka. Alikuja akaweka kidole chake juu ya neno moja.

"Bibi, hapa pameandikwa nini?"

"Kuku."

"Na hapa?"

"Anataga."

Akakiondoa kidole polepole. Wenzangu wakainamia vitabu vyao, na hapo nikaelewa. Nilikusanya kitenge changu nikarudi nyumbani kabla ya muda.

Wiki mbili sikwenda. Watu wakiniuliza nasema magoti. Mwenyekiti alikuja, akakaa, akaongea habari za mvua, mwishoni akasema, "Basi acha tumwandae mkwe." Kesho yake nikakutana na huyo mkwe mwenyewe kisimani. Ni binti mzuri, mwenye heshima, hili lazima niliandike. Alininyang'anya dumu langu akalibeba pamoja na lake mpaka juu.

"Mama, usihuzunike," akasema. "Nitakaa na daftari, wewe utakaa karibu yangu. Pale nitakapokwama utakuwa unanitajia."

Alisema kwa upendo kabisa, nami nikaona nimeshazikwa. Kumnong'oneza mtu majina sikioni ili ayaite yeye. Nilimshukuru kwa maji. Saa tisa ya siku ile ile nilikuwa mlangoni pa darasa.

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. "Nilijua utakuja," akasema.

"Ulijuaje, na mimi mwenyewe sikujua?"

"Hujafundisha watoto wewe. Anayeumia hivyo kwa sababu ya kitabu, harudi nyuma." Akavuta dawati akakaa mbele yangu. "Bibi, shida yako ni kichwa kizima mno. Kinakimbia mbele, macho hayajapata kazi hata siku moja."

"Sasa nikitoboe?"

"Tukinyime chakula kidogo. Kwanza niambie, herufi unaziona?"

Nikamwambia naona mbuzi wa mtu akiwa mbali kule Mabawe, lakini cha karibu ni ukungu mtupu. Akacheka mpaka akashika ubao. Jumamosi ile binti yangu akaninunulia miwani ya kusomea mnadani Biharamulo. Nilipoivaa na kufungua kitabu niliona kila herufi ina miguu yake. Niliogopa kidogo. Nilikuwa nimezizoea zikiwa mbali.

Mwalimu hakunirudisha kwenye kitabu, kwa sababu kitabu chote nilikuwa nacho kichwani. Alikata karatasi ya mfuko wa saruji, akaandika majina kumi ya watu wa kwao, Usukumani. "Hawa huwajui," akasema. "Hakuna njia ya kuwapitia, hakuna mlango wa kupiga hodi. Hapa utatumia macho tu."

Nilikaa na ile karatasi barazani, maharage mabichi mapajani ya kumenya. Jina la kwanza lilinichukua tangu umande haujakauka hadi wakati wa kuinjika chungu. Nilikuwa naishika herufi, naitamka, naishika ya pili, naunganisha. Nikifika mwisho nimesahau mwanzo. Mimi, kusahau. Nilianza upya mara sijui ngapi, nikamtukana mwalimu kwa Kihangaza ambacho hakijui. Kisha mdomo ukalisema lote kwa pamoja, na ndipo nikatambua kwamba ni mtu. Mtu mzima kabisa alikuwa amekaa kwenye karatasi ya saruji akisubiri nimfikie, sijawahi kumwona wala kumsikia, na sasa namwita.

Alasiri nikamtajia mwalimu. "Huyu ni nani kwenu?"

Aliitazama karatasi. "Ni shangazi. Ndiye aliyenilea."

"Msalimie."

Kulikuwa na tatizo jingine tulilocheka nalo miezi yote. Jina nikishalisoma mara moja, kichwa kinalimeza, kesho halifai tena kunifundishia. Ilibidi alete mapya kila siku. Alimaliza baba zake wadogo, akamaliza mabinamu, akaingia kwa wakwe.

"Bibi, unanimalizia ukoo," akaniambia.

"Nyie si wengi? Oeni zaidi."

Akahamia kwa aliosoma nao chuo cha ualimu, halafu wachezaji wa mpira, na mpiga kengele akaleta majina ya waumini wa parokia yao ya zamani, akiomba msamaha wa kuku bila kuutaja. Majina ya Kisukuma yalikuwa marefu, unaingia asubuhi unatokea jioni. Lakini polepole ile kazi ya asubuhi nzima ikawa ya kupepeta ungo mmoja wa mchele, kisha ikawa ya kuvuta pumzi. Nikasoma mfuko wa mbolea. Nikasoma tangazo la chanjo zahanati, nikasimama pale nikarudia tena kwa raha zangu, watu wakafikiri nina mtoto mgonjwa. Kuandika kulikuja nyuma yake kwa kuchechemea, herufi zangu zimelala kama mihogo iliyong'olewa, lakini zinasomeka.

Maharage yakavunwa. Siku ya mkutano tulikusanyika uwanja wa shule asubuhi. Wenzetu wa ng'ambo walipanda kilima na miavuli yao, wengi sura ngeni kwangu, maana bonde lile lina mto na sisi tuna soko letu. Daftari lao walilifunga kwenye nailoni. Mwenyekiti wetu akasimama.

"Katibu tunaye mmoja wa kumchagua, na walioomba ni wawili," akasema. "Mmoja ni mkwe wangu, mwingine ni mwenzangu wa siku zote. Sitaki mtu aseme nimechagua kwa ukwe, wala kwa uzee."

Mzee wa wale wa ng'ambo akanyoosha mkono. "Wasome daftari letu. Hakuna kati yao anayetufahamu. Kila mmoja ukurasa mmoja, tuone nani anatuita tukasikia."

Kule nyuma, karibu na mlingoti wa bendera, nilimwona mwalimu amekunja mikono.

Mkwe alianza. Alisoma vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Alisoma haraka, sauti nyororo, jina juu ya jina, kama anavyosoma matangazo kanisani. Mtu wa kwanza anafungua mdomo aitike, la tatu limeshatajwa. Wengine waliitika wakati mmoja, wengine wakacheka, wengine wakaacha. Akafika chini ya ukurasa na kufunga daftari, akapigiwa makofi.

Nikavaa miwani. Watu wangu wa kilima walinitazama kwa woga, nadhani zaidi ya nilivyoogopa mimi, kwa kuwa habari za kuku zilimfikia kila mtu.

Nilishika jina la kwanza herufi kwa herufi, mdomo umefungwa, mpaka nikawa nalo. Nikainua uso, nikaliita kama ninavyoita uani siku ya msiba. Nikasubiri. Mwanamume mmoja mwenye koti la mvua akavua kofia.

"Tupo."

Nikamtazama ili nimjue. Nikarudi kwenye daftari. La pili, nikaita, nikasubiri. "Tupo." La tatu hivyo hivyo. Watu wakaanza kutulia. Walikuwa wamekuja kwenye mkutano, sasa wakakaa kama watu wanaoitwa kweli.

Katikati ya ukurasa nikakwama. Lilikuwa jina refu, na mwandishi wao alizibana herufi pembeni kwa kuishiwa nafasi. Nililishika mwanzo, likaniponyoka. Nikasikia viatu vikisugua nyasi. Mpiga kengele, aliyesimama ubavuni mwangu na miwani yake, akaanza kunong'ona, "Mama, ni..." Nikamwinulia kiganja. Nilitaka nilipate mwenyewe au nisilipate kabisa. Nikalirudia tangu mwanzo, kipande kwa kipande, jasho linateremka kwenye miwani, mpaka likaungana. Nikaita. Nyuma kabisa mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasimama, uso unang'aa.

"Tupo, bibi. Hapo kila mtu hukwama."

Watu wakacheka kicheko kizuri. Nikaenda mbele.

Jina la tatu kutoka mwisho nililisoma bila shida, nikaliita, hakuna aliyeitika. Nikasubiri. Mkwe alinitazama, macho yakiniambia niendelee. Sikuendelea. Ukiita nyumba na kuipita kabla haijaitika, umeiacha nje. Nikaliita tena, taratibu zaidi. Wale wa ng'ambo wakawa wanatazama chini. Ndipo mwanamume mmoja akasimama kwa kujisukuma na fimbo.

"Ni mke wangu," akasema. "Tulimzika kabla ya mvua hizi. Sikuweza kuwaambia wamfute."

"Asifutwe," nikamwambia. "Nyumba ipo?"

Aliegemea fimbo yake. "Ipo."

"Basi itike."

"Tupo," akasema, na wote wa upande wake wakasema naye, na wa upande wetu nao wakafuata bila kuambiwa na mtu. Nikamalizia majina mawili yaliyobaki. Nikavua miwani.

Hapakuwa na hotuba. Mzee wa ng'ambo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua mkono, kabla mwenyekiti hajauliza watu wanamtaka nani. Baada yake mikono iliinuka kama migomba baada ya upepo kupita. Mkwe aliutazama uwanja, akacheka, na wake ukawa juu. Alikuja akachukua daftari mikononi mwangu akalifuta jasho kwa kitenge chake.

"Mama, mimi nitaandika mihtasari na barua za ofisini," akasema. "Mwito ni wako."

"Utakaa karibu yangu," nikamwambia. "Nikikwama, unyamaze."

Mwalimu alisubiri watu wapungue ndipo akanisogelea. "Ulitumia dakika ngapi pale ulipokwama, bibi? Nilitaka kukimbia."

"Ungekimbia. Lile jina lilikuwa rahisi kuliko la baba yako mdogo."

Wiki ile tuliketi mimi na mkwe barazani kwangu kuandika daftari jipya la vikundi vyote viwili. Mwenyekiti alikuja kutazama, akaona nimeanza na watu wa ng'ambo, ukurasa baada ya ukurasa, akauliza kwa nini watu wa kilima chetu wanawekwa mwisho kama wageni.

"Hao tutawaandika kukiwa na nafasi," nikamwambia. "Wetu ninao kichwani. Daftari lao likilowa leo, hawa wa ng'ambo ndio watakaopotea."

Akavuta kigoda, akakaa, na mimi nikalowesha kidole kwa mate nikafungua ukurasa uliofuata.